Maradhi ya Upande wa Bibi

Mwezi wa Agosti mwaka 2024, washenga walipokuja kumposa mjukuu wangu, binti yangu aliniita uani, akanishika mkono na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nakuomba, leo usianze habari za kujaa." Nikamjibu kwamba nimesikia. Kusikia si kukubali, naye alilijua hilo, maana nimemzaa mwenyewe.

"Kujaa" ndilo jina ambalo bibi yangu mzaa mama, mwenyeji wa Pangani, aliyapa maradhi yetu. Mkono hujaa mpaka vidole visikunjike, uso hujaa mpaka macho yakafumba. Hapawashi, hapana homa wala usaha. Uvimbe hukua kutwa nzima, husimama, kisha hunywea taratibu, na siku ya tatu au ya nne mtu ni mzima kana kwamba alikuwa akiwadanganya watu. Tumbo likijaa kwa ndani hakuna aonaye kitu, ila mgonjwa hujikunja na kutapika. Koo likijaa, huenda hiyo siku ya tatu mtu asiione.

Madaktari huyaita anjioedema ya kurithi. Hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 50,000 anayo, kwa hiyo si ajabu msomaji kutoyasikia. Sisi kwetu tulikuwa wanne katika nyumba moja.

Bibi hakusoma, lakini alikuwa na elimu yake juu ya jambo hili. Alijua kwamba siku ya kutwanga mpunga viganja vitajaa jioni. Alijua kuwa kabla ya kujaa huja michoro mekundu kifuani, mfano wa wavu, isiyowasha, na akiiona kwa mtoto humkataza kwenda kisimani siku hiyo. Alijua pia kwamba msichana akivunja ungo ndipo maradhi hushika kasi, na kwamba wanaume wa ukoo wetu hawapati taabu kama wanawake. Mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa lori, alijaa midomo mara chache tu maishani mwake, na kila mara alisingizia nyuki. Mambo hayo yote bibi aliyajua kabla sijaona daktari hata mmoja anayeyajua. Ila maelezo yake yalikuwa mengine: alisema lipo jini la ukoo lipendalo wanawake. Mama yangu alipungwa siku saba kwa ajili ya jini hilo. Siwacheki. Kitu kinachokuja bila sababu, kikaondoka bila dawa, kikapenda damu ya nyumba moja tu, ungekiitaje?

Mwaka 1969, nikiwa na miaka 15, mama mkubwa alikwenda kung'oa jino. Jino lilitoka vizuri, akarudi kwa miguu, akala uji. Usiku shavu likaanza kujaa. Hatukushtuka, shavu lilikwisha jaa mara nyingi. Kesho yake mchana sauti ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Alasiri akawa hawezi kumeza mate, akiyatema kwenye kopo. Alipelekwa kwa baiskeli akachomwa sindano ya aleji, akarudishwa. Alikufa kabla ya alfajiri, ameketi, kwa sababu kulala alikuwa hawezi. Mimi ndiye niliyeshika taa.

Nimeisoma historia ya maradhi haya kwa miaka mingi, kidogo kidogo, kila nilipopata mtu wa kuniletea maandishi, na nakiri kwamba niliisoma kwa hasira. Daima nilikuwa nikilinganisha miaka: wao walijua nini, na sisi tulikuwa wapi.

Tabibu wa Kijerumani Heinrich Quincke, aliyekuwa akifundisha Kiel, aliueleza uvimbe wa namna hii mwaka 1882. Katika miaka hiyo hiyo uliitwa kwa jina lenye neno "neva" ndani yake, kwa kudhaniwa kwamba mishipa ya fahamu ndiyo inayoichezea mishipa ya damu. Kisha mwaka 1888 William Osler, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Philadelphia, aliandika juu ya familia moja ya Marekani ambayo maradhi yalikuwa yameipitia kwa vizazi vitano. Osler aliona yote: viungo vinavyojaa, tumbo linalouma, na watu wa familia hiyo waliokufa kwa kuzibwa koo. Yeye ndiye aliyeyatia neno "kurithi". Lakini "neva" hakuliondoa. Likabaki katika jina kwa muda unaokaribia karne, na kubaki kwake hakukuwa jambo dogo. Mgonjwa akiwa mwanamke, analia, ameshika tumbo, na hakuna kinachoonekana, na jina la ugonjwa wake limebeba neva, daktari huona amekwisha maliza kazi. Naona hapo hapana tofauti kubwa kati ya neva za wazungu na jini la bibi. Yote mawili yalimwambia mwanamke kwamba kasoro iko katika nafsi yake.

Wenzetu nao walikuwa na laana zao. Mwaka 1851 Nathaniel Hawthorne alitoa riwaya iitwayo The House of the Seven Gables, yenye ukoo ambao wanaume wake hufa ghafla, koo likikoroma, kwa laana ya mtu aliyenyongwa kwa tuhuma za uchawi. Wako madaktari waliopata kubuni kwamba huenda mwandishi alisikia habari za ukoo wenye maradhi kama yetu. Kubuni huko kuna walakini, lakini kuliniliwaza niliposoma.

Siri yenyewe ilifunuliwa mwaka 1963. Daktari mwanamke, Virginia Donaldson, pamoja na mwenzake Richard Evans, waligundua kwamba wagonjwa hawa wanapungukiwa na protini moja katika damu, inayoitwa kizuizi cha C1. Nitaieleza kama nilivyokuwa nikiwaelezea wanafunzi wangu. Mwilini kuna askari walio tayari siku zote kupigana na jeraha na vijidudu, na yuko mkubwa wao anayewaambia basi, imetosha. Sisi mkubwa huyo ni hafifu au hayupo. Jambo dogo tu, jino, pigo, mashaka ya moyo, likiwaamsha askari, hawana wa kuwazuia; hutolewa kitu kiitwacho bradikinini, kuta za mishipa midogo ya damu hulegea, na maji huvuja kuingia nyamani. Ndiyo maana sindano ya aleji haisaidii kitu. Aleji hutokana na histamini, na huku histamini siyo mwenye makosa.

Mwaka 1963, msomaji. Mama mkubwa aling'olewa jino mwaka 1969. Sisemi kwamba aliyemchoma sindano alikuwa na namna ya kujua. Elimu haisafiri kwa mwendo wa ndege kutoka Marekani hadi Pangani. Nasema tu kwamba ilikuwapo.

Niliolewa mwaka 1976. Mume wangu hakuambiwa neno. Mama alisema maneno yale yale ambayo binti yangu angekuja kuniambia uani: mtu akishaoa atazoea. Mtoto wa kwanza alikuja mwaka 1977, na mwaka 1979 nikaanza vidonge vya uzazi wa majira, kwa kuwa tulikuwa walimu wawili wenye mishahara ya walimu wawili. Ndipo nilipoona kujaa kwa kweli. Zamani nilikuwa nikijaa mara nne au tano kwa mwaka. Sasa ikawa kila wiki, na mara nyingi ilikuwa tumbo. Nikaenda kueleza kwamba nadhani ni vidonge. Nikaambiwa vidonge havina neno, wanawake wengi wanavitumia, na mimi nilikuwa na wasiwasi wa bure. Mwaka 1981 nilipasuliwa tumbo kwa kudhaniwa kidole tumbo. Walipofungua walikuta kidole tumbo kizima, na maji mengi tumboni ambayo hakuna aliyeweza kuyaeleza. Wakafunga. Siitaji hospitali hiyo, nayo haikuwa ya pekee. Wenye maradhi haya duniani kote wana makovu kama langu.

Mama mkwe alikuja kuniuguza. Siku ya nne aliponiona nimeketi nanywa chai, akasema mbele ya wageni kwamba mkewe mwanawe ana maradhi ya kuchagua siku. Sikumjibu. Ningemjibu nini, nami sikujua naumwa nini?

Leo inajulikana vema kwamba homoni ya estrojeni, iliyomo katika vidonge vingi vya majira, hupunguza kile kizuizi na kuwaongeza wale askari. Mwanamke mwenye kujaa anayetumia vidonge hivyo huwa anamimina mafuta ya taa motoni. Vidonge na sindano za projestini peke yake, zisizo na estrojeni, aghalabu hazina madhara hayo, na wapo wanaopata nafuu kwazo. Neno hilo moja, lau ningeambiwa mwaka 1979, lingeniepusha na kisu.

Na hapa historia ina kichekesho chake. Dawa ya kwanza iliyotuzuilia kujaa ilikuwa homoni ya kiume. Mwaka 1960 William Spaulding aliandika kwamba aina ya testosteroni ilipunguza mashambulio. Mwaka 1976, mwaka wa ndoa yangu, Michael Frank na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya danazoli, dawa yenye asili ya homoni hizo hizo lakini isiyo kali kama testosteroni yenyewe. Waliwapa wagonjwa tisa dawa kwa awamu, na awamu nyingine wakawapa vidonge vitupu, mgonjwa asijue kipi ni kipi. Katika awamu 47 za vidonge vitupu, 44 ziliishia kwa kujaa. Katika awamu 46 za danazoli, ni moja tu. Nilipoziona tarakimu hizo kwa mara ya kwanza nilizisoma mara tatu. Mwalimu wa hesabu haoni tarakimu kama hizo mara nyingi.

Danazoli ilinifikia mwaka 1995. Daktari kijana, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni, hakuniuliza nimekula nini kama walivyoniuliza wote. Aliuliza, "Mama, nani mwingine kwenu?" Nikamtajia mmoja mmoja, naye akiwachora kwenye karatasi, duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, akiwatia wino waliojaa. Alipomaliza aliniuliza juu ya duara la mama mkubwa, alikufaje. Nikamweleza habari ya jino. Akaweka kalamu chini. Damu yangu ikapelekwa nje ya nchi, majibu yakarudi baada ya miezi minne, na dawa ikawa inanunuliwa na binamu yangu mmoja, mtoto wa yule mjomba dereva, aliyekuwa akifanya kazi Muscat.

Kidonge kimoja cha miligramu 200 kila siku, na kujaa kukakoma. Mtu asiyepata kuishi na jambo hili hawezi kuelewa maana ya kupanga safari ya Ijumaa ukiwa Jumatatu, ukajua utakwenda. Lakini danazoli hulipwa. Siku zangu zilivurugika, nikanenepa, ndevu zikaota kidevuni, nikawa nazing'oa kwa kibanio kabla ya kwenda darasani. Hayo niliyavumilia. Sauti ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa mghani wa mashairi. Katika sherehe za shule na za wilaya nilikuwa nikiitwa mimi, na wako watu wazima leo wanaonikumbuka kwa hilo tu. Mwaka wa pili wa dawa sauti ikaanza kukwama juu, kisha ikashuka, ikawa nzito kama ya kijana anayebalehe. Nilipunguza dawa, tena kwa idhini ya daktari, lakini sauti haikurudi. Kwenye simu naitwa "baba" hadi leo. Sijutii kidonge hicho, ila nafikiri kama dawa ingewapoteza wanaume sauti zao, utafiti wa kutafuta nyingine ungekwenda mbio zaidi. Haya ni maoni yangu, nayo nayaandika katika kitabu nilichokilipia mwenyewe.

Isitoshe, danazoli haifai kwa mwenye mimba, maana humwathiri mtoto wa kike tumboni. Kwa hiyo mwanamke aliyeihitaji zaidi ndiye aliyepaswa kuiacha wakati anaoihitaji. Binti yangu, ambaye alirithi, aliibeba mimba yake ya mwaka 2000 bila dawa yoyote, akijaa mpaka tukachoka kuhesabu. Ulaya tayari walikuwa na kile kizuizi chenyewe, kikichujwa kutoka damu ya wachangiaji na kutiwa mshipani. Ndicho kinachopendekezwa kwa wajawazito mpaka sasa. Sisi tulichokipata kilikuwa plazma, yaani maji ya damu yaliyogandishwa, ambayo ndani yake kizuizi kimo kwa kiasi. Nilipotakiwa kung'oa jino mwaka 2003, miaka 34 baada ya mama mkubwa, nilitiwa plazma kwanza, na daktari akalala hospitali usiku ule. Nikaamka nikiwa na pengo na pumzi.

Mwaka huo wa 2000, Konrad Bork wa Mainz huko Ujerumani alieleza familia kumi zenye wagonjwa 36, wote wanawake, wanaojaa kama sisi ilhali kizuizi chao ni kizima. Nao Karen Binkley na Alvin Davis wakaeleza familia nyingine ambayo kujaa kulifuata estrojeni. Kwa muda ilidhaniwa kuwa maradhi hayo ni ya wanawake peke yao. Mwaka 2006 kosa la urithi likapatikana katika jeni ya protini iitwayo faktari ya kumi na mbili kwa baadhi ya familia hizo, na baadaye ikaonekana wanaume nao wanalo, ila wengi wao halisemi kitu. Nilimkumbuka mjomba na nyuki wake, ingawa aina yake haikuwa hiyo. Na mwaka 2012 ndipo madaktari wa nchi kadhaa walipokaa wakaafikiana kwa maandishi namna ya kumtunza mwanamke mwenye kujaa: hedhi, majira, mimba, kujifungua, kunyonyesha, ukomo wa hedhi. Tangu Osler imekwisha pita miaka 124.

Bado mitego ipo. Nilipofikisha miaka 60 nikapata shinikizo la damu, nikaandikiwa kaptopili. Dawa hiyo, pamoja na ndugu zake kama enalapili, humzuia yule anayeivunja bradikinini, kwa hiyo kwa mtu kama mimi ni hatari. Nilikuwa nimeisoma. Nikairudisha dirishani, mfamasia akanitazama kama mkorofi, nikaomba kwa adabu tumpigie daktari. Akabadilisha. Mgonjwa wa maradhi adimu hana budi kuwa mkorofi kidogo.

Dawa mpya zimekuja moja baada ya nyingine: ikatibanti, sindano ya kujichoma nyumbani, Ulaya mwaka 2008, lanadelumabu ya kuzuia mwaka 2018, na mwaka 2025 Marekani ikaidhinisha kidonge cha kumeza shambulio linapoanza. Bei zake mwalimu mstaafu hazitaji kabla hajakaa kitako.

Turudi kwa washenga. Mjukuu wangu alipimwa, naye anao. Kila mtoto wa mwenye maradhi, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Binti yangu alitupa shilingi mara moja tu, ikaanguka upande wetu. Hoja yake ile ya uani haikuwa ya kipuuzi. Alisema posa zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hili, na kwamba watu hawatasikia "protini", watasikia "ukoo wenye kitu". Nilimuuliza mjukuu mwenyewe, maana mwili ni wake. Akasema kijana amekwisha mwambia siku nyingi. Wasiojua ni wazee.

Basi chakula kilipokwisha nilileta daftari langu. Ndani mna ile michoro ya daktari wa mwaka 1995, nimeiongeza mwenyewe, duara na miraba, wino kwa waliojaa. Nikawaonyesha washenga duara la mama mkubwa na duara la mjukuu wangu, nikawaeleza kilicho kati yao. Binti yangu aliondoka chumbani. Mshenga mkubwa alilitazama daftari muda mrefu, akasema watakwenda kushauriana. Waliaga kwa heshima, lakini hawakutaja siku ya kurudi.

Siku ya sita, saa za asubuhi, mama yake kijana alikuja peke yake. Tulisalimiana, nikampa kiti, akakataa chai. Akaniuliza swali moja: "Mama, mtoto koo likimjaa usiku, akiwa kwangu, nianze na nini?"

Nikamwambia: asisubiri asubuhi hata kama anaongea vizuri, asimlaze, gari liitwe palepale na wakifika waseme mara moja kwamba hii siyo aleji, ni ya kurithi, kwamba adrenalini na sindano za aleji hazitatosha, atiwe kizuizi kama kipo au plazma kama hakipo, na awepo mtu anayeweza kufungua njia ya hewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa miwani, akaniomba kalamu.

"Yaseme tena," alisema, "polepole."